Maneno Saba ya Mzee Nailoni

Kwetu hakuna aliyewahi kukalia kochi lililo uchi. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu, binti wa fundi makochi, niliyekulia katika nyumba yenye seti ya sofa ambayo baba aliishona kwa mikono yake mwenyewe: kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, maua madogo ya dhahabu, na juu ya maua hayo, nailoni. Miaka kumi na minne nailoni. Maua tuliyatazama tu kama vitu vya dukani. Siku za joto ukiinuka ghafla, ngozi ya mapaja inabaki nyuma. Wageni walikaa ukingoni, wakateleza, wakajirudisha, wakateleza tena, na baba akawaambia kwa upole, "Kaeni vizuri tu, haling'ati."

Mtaani walimwita Mzee Nailoni, na hakuchukia. Karakana yake ilikuwa uani, chini ya bati: fremu za mbao zimeegemezwa ukutani, marobota ya sponji, makopo ya gundi, bunduki ya pini ikining'inia kwenye msumari wake. Mafundi wengine hufungulia redio wakiwa kazini. Baba hakuhitaji, maana redio alikuwa yeye. Alikuwa na sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa kila sentensi, na aliongea na kila kitu. Aliongea na mbao, na sponji, na mteja aliyesimama mbele yake, na mteja aliyekwishaondoka. Hata akiwa na pini kumi mdomoni aliongea. "Wewe springi, mbona mkaidi hivyo? Umelelewa na nani?" Na kila kochi lilipotoka getini, mwenye kochi aliagwa kwa maneno yale yale: "Nailoni usiitoe kwanza. Iache, kochi lizoee nyumba." Itolewe lini, hakuwahi kusema. Nina hakika mji huu una nyumba mia ambazo bado zinasubiri.

Mimi ndiye mkata vitambaa wake tangu nimalize shule. Baba ananiita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake mzazi, na mimi cheo hicho nimekishika barabara: namgombeza, namfukuza akale, nampokonya nyundo jua likizama. Nina ulimi mkali, najijua. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso. Alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo ukali wangu wote ulimwangukia baba peke yake, naye akaupokea kama mvua.

Sauti ilipoanza kukauka, alisema ni vumbi la sponji. Miezi minne alisema ni vumbi la sponji. Mwishowe nilimburuta hospitali, na daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, akatuchorea koo kwenye karatasi. Palikuwa na uvimbe. Uvimbe ule usingetoka peke yake. Ungetoka pamoja na kile kisanduku kizima kinachotoa sauti. Angepumua kwa tundu shingoni. Kuna kidude cha kubandika shingoni kinachosaidia watu kuongea, alisema, ila sauti yake ni ya kidude, si ya mwenyewe.

"Nitaweza kushona?" baba akauliza.

"Kushona utaweza, mzee wangu."

"Basi kateni."

Nikadhani amekubali kirahisi. Tulipofika getini akasimama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havina kamba. Akasema, bila kuniangalia, "Mjukuu wangu hatanisikia."

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza kwake, na mjukuu wa kwanza kwa baba. Na kulikuwa na kisa ambacho baba alikuwa amemwekea huyo mjukuu: jinsi alivyokutana na mama. Sisi tulikisikia vipande vipande, leo kichwa, kesho mkia, na kila mara akikatiza na kusema, "Kizima nitamsimulia mjukuu. Nyinyi mna haraka." Ni kisa kilichokuwa na kiti, na mlango, na mama akicheka. Zaidi ya hapo tulikuwa tunakisia.

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: kuishika ile sauti na kile kisa kabla ya siku ya upasuaji. Utasema, si simu zipo? Zipo. Lakini ukimwelekezea baba simu anakauka, anakaza shingo, mikono anaibandika mapajani kama mtu aliyekamatwa na polisi, na kinachomtoka ni, "Haya." Nina video kumi na moja za namna hiyo. Na maongezi yake ya simu hatukuwahi kuyarekodi, maana yeye alipiga, akasema, akakata.

Ndipo nikasikia habari za zile kamera ndogo wanazojifunga waendesha baiskeli na wapiga mbizi. Dada muuza kamera akanionyesha moja, ndogo, kama viberiti viwili hivi, na mkanda wa kuifunga kifuani. "Ukiivaa, robo saa tu watu wanasahau kama ipo," akasema. Maneno hayo ndiyo niliyoyataka. Kisha akanipa makasha mawili ya kuiwekea. "Hili la kuziba ni la majini tu, dada. Siku za kawaida tumia hili la wazi." Nikaitikia. Nimeitikia mambo mengi maishani mwangu bila kuyasikia.

Nyumbani baba aliigeuza geuza kamera ile kama anayekagua mguu wa meza. La wazi hakulijali. Lile la kuziba lilimfurahisha mno: plastiki nene inayoonyesha hadi ndani, mpira pembeni, kibanio kinachojifunga kwa mlio. "Aliyetengeneza hili," akasema, "ni mtu aliyelelewa." Tuligombana kuhusu kikaratasi chembamba kilichobandikwa kwenye kioo. Yeye alitaka kibaki. Nikakibandua kwa ukucha mbele ya macho yake, nikajiona nimeshinda, mtu wa kisasa. Kisha kamera nikaitia katika kasha la kuziba, nikabana. La wazi likabaki kwenye pakiti yake, halijafunguliwa, katika droo ya nyuzi. Sikufikiri hata mara moja. Kwetu kitu kipya kinafunikwa, basi.

Jumapili tulitoka, watu wanne, kwa gari la mikate la shemeji, mume wa mdogo wangu. Yeye na mkewe walikaa mbele, mimi na baba tukakaa nyuma juu ya kreti zilizogeuzwa, tunanukia mkate kichwa hadi miguu. Tulikwenda kwenye maporomoko, saa moja kutoka mjini, mahali ambapo maji yanaanguka si kwa kishindo kikubwa, ila yanaanguka. Kamera ilikuwa kifuani kwangu. Dada muuza kamera hakudanganya: hatujafika nusu ya njia, baba alikuwa ameisahau, anaisema barabara, anaisema mashimo, anauliza nani aliyeyalea.

Palikuwa pazuri. Nalisema hili kwa sababu nikikumbuka siku ile nasahau kwamba ilikuwa nzuri. Baba alikunja suruali, akatia miguu majini, akapiga yowe kama mtoto. Mdogo wangu alitembea juu ya mawe akijishika kiuno, shemeji nyuma yake amenyoosha mikono kama anayebeba kabati. Tulicheka. Tukatandika shuka, tukatoa mikate, mayai na chai.

Hapo kamera ikalia, betri imekwisha. Nikafungua kasha, nikaweka betri nyingine, na kabla ya kufunga nikabonyeza kitufe nione kama inawaka. Taa nyekundu ikawaka. Baba, yai mkononi, akaniona.

"Hebu lifunge hilo dude, mama, vumbi litaingia."

Nikafunga. Kibanio kikalia, kat. Mimi, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kumtii baba akisema mara moja tu, siku hiyo nilitii papo hapo.

Kisha akamaliza yai lake, akajifuta vidole, akamwambia mdogo wangu asogee. Hakumgusa tumbo, ana haya huyo. Aliinama tu, kama anavyoinama kwenye kochi akitafuta springi iliyolegea, akaanza: "Wewe uliyemo humo, sikiliza, mimi ndiye babu yako." Akasimulia dakika arobaini. Sauti ilikuwa imechakaa lakini ilikuwa yake, na mkwaruzo wake. Kizima. Kichwa hadi mkia.

Na sasa niseme ninachoona aibu kukisema: sikusikiliza. Nilikuwa nimeketi wima, kifua mbele, nabana pumzi nisitikise kamera. Nilikuwa nachungulia taa nyekundu kila dakika. Nilikuwa najiuliza kama kichwa chake kimeingia chote ndani ya picha au kimekatwa. Nilijiambia, we tulia tu, kamera inasikia, utasikiliza baadaye kwa raha zako. Mdogo wangu alilia tangu neno la tatu, na anayelia vile hasikii kitu. Shemeji, kwa adabu zake, alikuwa ameondoka kwenda kuosha gari, akisema hayo ni mambo ya damu. Baba alisimulia kisa chake mbele ya watoto wake wawili, na hakuna aliyekishika.

Upasuaji ulikuwa baada ya siku tisa. Siku tisa! Ningeweza kufungua picha zile siku yoyote. Kamera yenyewe ina kioo kidogo nyuma. Usiku ule nilikichungulia, nikaona midomo ya baba inacheza, sauti sikuifungulia, nikatosheka. Kile kikadi cha kumbukumbu nikakitoa, nikakifunga kwenye kipande cha nailoni, nikakiweka droo. Nilisema nina kazi, na kweli kulikuwa na viti thelathini vya hoteli. Lakini si kazi. Niliogopa. Kumtazama mtu kwenye kioo wakati yupo uani anapiga nyundo, niliona ni kama kumwomboleza mzima.

Jioni ya kuamkia hospitali alikuwa anapanga sindano zake kwa ukubwa, akaniuliza, "Ile kitu ilishika, mama?"

"Imeshika, baba. Safi kabisa."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Kama angeniambia nionyeshe, ningekwenda kwenye droo. Tungejua. Angekaa hapo hapo kwenye kigoda chake akasimulia upya hadi usiku wa manane. Lakini aliniamini.

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki tatu baadaye alikuwa nyumbani, amefungwa kitambaa cheupe shingoni, amekonda, macho makubwa. Shemeji akaleta waya zake, akaunganisha ile kadi na televisheni. Tukakaa wote kwenye nailoni, tukateleza, tukajirudisha. Mdogo wangu alikuwa amebakiza wiki chache ajifungue, kajaza kochi peke yake.

Picha ikatoka. Sijawahi kuona picha safi namna ile. Ungeweza kuhesabu nywele za masikioni mwa baba. Maji yanang'aa, yai linang'aa, baba anainama, anafungua mdomo.

Mmm. Mmm-mmm. Mmm.

Shemeji akaongeza sauti. Ikawa mmm kubwa. Akaongeza hadi mwisho, na televisheni ikaanza kutetemeka mezani, na bado alikuwa kama jirani anayeongea nyuma ya ukuta: unajua ni yeye, hujui anasema nini. Shemeji akasogeza mbele, akarudisha nyuma, jasho linamtoka. Akajaribu kipande cha garini. Mmm. Cha miguu majini. Mmm. Kisha akafika pale kwenye chakula, na nyumba nzima ikajaa sauti ya baba, karibu, wazi, na mkwaruzo wake mwishoni:

"Hebu lifunge hilo dude, mama, vumbi litaingia."

Kat. Halafu mmm, dakika arobaini.

Hakuna aliyeniangalia. Wangenitukana ningeona nafuu. Baba ndiye aliyeanza kucheka, na kucheka kwake sasa ni mabega tu, mabega yanapanda na kushuka na hakuna kinachotoka. Sisi tukacheka kwa kumfuata. Kisha mabega yakatulia. Akanyoosha kidole kwa shemeji, akakizungusha: rudisha. Shemeji akarudisha. Baba akajisikiliza, kichwa amekiinamisha upande. Akazungusha kidole tena. Mara ya nne sikuweza, nikatoka, nikaenda karakana, nikakaa juu ya robota la sponji, nikalia hadi nikapata kwikwi.

Kesho yake asubuhi niliingia sebuleni na kisu cha kukatia vitambaa, nikaichana nailoni ya makochi yote, moja baada ya jingine, nikaikunja, nikaitupa nje. Baba alisimama mlangoni, akanitazama hadi nikamaliza. Hakunizuia. Jioni nilipotoka sokoni nikakuta ameshona mpya.

Tulimnunulia daftari aandike kile kisa. Mdogo wangu alimchongea penseli tano. Lakini mkono wa baba umezoea kuandika vipimo; maneno yake yote yaliishi mdomoni. Alikaa na daftari lile siku mbili, akalirudisha. Aliandika mistari mitatu, kwa herufi zake kubwa, kama za chaki kwenye mbao:

Nilipeleka kiti.
Hakikupita mlangoni.
Nikarudi kesho.

Nilimuuliza, kiti cha nani? Akatafuta neno, akachoka, akapunga mkono. Mimi nakumbuka kama alisema cha bibi yake mama. Mdogo wangu anaapa ni cha shangazi. Na kwa nini mama alicheka? Baba anajua. Nikimuuliza anatabasamu, anagusa shingo, anarudi kwenye mbao zake. Kile kidude cha kuongelea walimpa. Alikijaribu siku moja, akasikia kinachotoka, akakirudisha kwenye kasha lake.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu alikuja kweli, wa kike, ana mashavu, ana kelele, na sasa ana miaka miwili na nusu. Mdogo wangu alimwekea yale maneno ya babu kwenye simu, hayo hayo saba yaliyopatikana. Mtoto anayataka kila siku kabla ya kulala. "Babu," anasema, na anasikilizishwa, na anasema, "Tena."

Wiki iliyopita aliletwa kwetu kushinda. Alikuwa anazunguka karakana, anaokota vipande vya vitambaa, baba yupo kwenye kigoda chake, pini mdomoni, kimya kile ambacho sisi tumekizoea na wateja hawajakizoea. Mimi nilikuwa napaka gundi kwenye sponji, kopo nimeliacha wazi pembeni yangu. Mtoto akaja, akasimama mbele ya kopo, akaliangalia, akakunja uso. Akaniambia, kwa sauti aliyoikandamiza hadi ikawa nzito, na mwishoni akaweka mkwaruzo:

"Hebu lifunge hilo dude, mama, vumbi litaingia."

Nyundo ya baba ikasimama hewani. Mabega yakaanza kupanda na kushuka. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akaziweka kwenye kiganja, na machozi yalikuwa yanamtoka, na sikuweza kujua anacheka au analia, maana siku hizi vyote viwili havina sauti. Mtoto akafurahi, akarudia. Akarudia tena. Babu yake alimpa kisa kizima, dakika arobaini, kichwa hadi mkia, kabla hajazaliwa. Mimi ndiye niliyebeba mzigo ule, na nimemfikishia hayo tu.

Baba akaniangalia. Akanyoosha kidole, akanionyesha kopo.

Nikalifunga.